Pale Namba Inapopinduka

Lasaad alikuwa bahili, lakini si wa pesa wala wa chakula. Ubahili wake ulikuwa wa kazi ya mashine. Mpe kompyuta inayopiga hesabu kwa hatua nne, atakaa wiki nzima akitafuta namna ya kuipiga kwa tatu, na akiipata utamwona anatembea ofisini kifua mbele kama aliyeoa jana. Watu wa kazi yake wengi wana ugonjwa huo, na hakuna hata mmoja anayeutafutia dawa.

Ofisi yenyewe ilikuwa mjini Sfax, ghorofa ya pili, mkabala na kinu cha kukamua zeituni. Humo yeye na mwenzake Shedli waliandika vipande vya msimbo, yale maagizo ya kompyuta, ambavyo watengenezaji wengine huvichukua vikiwa tayari na kuviweka ndani ya vifaa vyao: pampu, mizani, vifaa vya hospitali. Kipande alichokipenda Lasaad kuliko vyote kilikuwa kijumlishi cha safu. Ukitaka kuelezwa kazi yake, ni hivi: unakipa safu mbili za namba kamili, chenyewe kinajumlisha ya kwanza na ya kwanza, ya pili na ya pili, hadi mwisho, nyingi kwa mkupuo mmoja, kisha kinakurudishia safu ya tatu. Basi, hakuna zaidi. Mtoto wa shule anaiweza hesabu hiyo, ila hawezi kuirudia maelfu ya mara kabla hujapepesa jicho.

Mtu angeuliza, mapenzi gani haya kwa kitu cha kujumlisha? Angekwenda nyumbani kwa Lasaad asingeuliza tena. Pale nyumbani kulikuwa na binti yake Nesrin, wa darasa la kwanza, aliyezaliwa na masikio yanayosikia kidogo sana. Na kulikuwa na mama yake Lasaad, Bi Mbarka, ambaye kisukari kilimla macho yote mawili. Nesrin na wazazi wake walizungumza kwa ishara za mikono, lakini ishara hizo bibi hakuziona. Bibi alikuwa na maneno tele, mcheshi, mbeya kidogo, na maneno hayo mjukuu hakuyasikia. Wawili hao waliishi chumba kimoja, wakilala kitanda kimoja, na hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake neno.

Walichokuwa nacho ni kugusana. Nesrin alikaa mapajani mwa bibi yake, akaweka kiganja kooni mwake, na Bi Mbarka akaimba au akasimulia habari za majirani, huku mtoto akihisi mtetemo wa koo. Mtetemo ukikolea, Nesrin alicheka. Bibi naye akimsikia anacheka, alicheka. Henda, mkewe Lasaad, akiwakuta hivyo alirudi jikoni kimyakimya kwa sababu hakupenda kulia mbele ya watu.

Bi Mbarka aliomba jambo moja tu. Figo zake zilikuwa zimeanza kuchoka na daktari hakuficha. Akamwita mwanawe, akamwambia hataki kwenda Hija, hataki godoro jipya, anataka amwite Nesrin jina lake, naye aisikie sauti yake, aitikie. "Hata mara moja, Lasaad. Nisije nikaondoka mtoto hajui bibi yake alikuwa na sauti gani."

Kifaa cha masikio alichopewa Nesrin hospitalini kilikuza kila kitu sawasawa, vijiko, pikipiki, kuku wa jirani, mpaka maneno yakazama humo humo. Lasaad akaamua kutengeneza chake. Kingekuwa na vipaza sauti viwili vidogo. Sauti ya mtu aliye mbele yako hufika kwenye vyote viwili kwa wakati mmoja, kwa hiyo ukizijumlisha unapata sauti hiyo hiyo maradufu. Kelele za pembeni hufika kwa kupishana, na kujumlisha hakuzisaidii. Kwa maneno mengine, roho ya kifaa kile ilikuwa kijumlishi chake cha safu, na Lasaad alihisi kwamba miaka yote alikuwa anakiandika kwa ajili ya siku hii bila kujua.

Sasa hapa nisikilizwe vizuri, maana ndipo balaa lilipoingia. Kila namba katika safu ina nafasi yake ndogo, na nafasi hiyo ina dari. Pale juu kabisa ni 32,767. Ukijumlisha sauti mbili kubwa na jumla ikapita dari, kuna mambo mawili ya kufanya. Moja ni kuikata pale pale darini, ikae hapo. La pili ni kuiacha, na ukiiacha haisimami, inapinduka: ile iliyokuwa juu kabisa inaruka mpaka chini kabisa, upande wa pili wa sifuri. Sikioni mpinduko huo si sauti tena, ni mlipuko. Lasaad alikuwa na vijumlishi vya aina zote mbili katika msimbo wake. Kile cha kukata darini kilibidi kiikague kila jumla, na ukaguzi huo ulikula betri. Kile cha kuacha kilikuwa chepesi na cha haraka, fahari ya macho yake.

Shedli, mtu mnene wa masihara ambaye hakuwahi kuandika kitu bila kukikagua mara mbili, alimuuliza juu ya hilo. Akamwambia angalau azigawe sauti nusu kabla ya kuzijumlisha. Lasaad akakataa. Sauti ya mama yake ilikuwa imekonda, alisema, ukiigawa nusu hakuna kinachobaki.

"Basi weka kile chenye dari," Shedli akasema. "Betri ikiisha saa nane badala ya saa kumi, dunia itaanguka?"

"Ya nini? Sauti ya nyumbani haifiki huko."

"Na mtu akipiga kelele?"

"Nani atampigia kelele mtoto usoni, Shedli? Nyumbani kwangu si soko la samaki."

"Haya bwana. Wewe na ubahili wako mtazikwa kaburi moja."

Wakacheka. Lasaad akaandika maneno yake hayo hayo juu ya mstari unaokiita kijumlishi chepesi, kama watu wa kazi hii wanavyoachiana maelezo: sauti ya nyumbani haifiki huku. Kisha akapima. Alimkalisha mama yake kwenye kiti akamwacha aongee, akamtaka Henda asome kitabu cha shule, akawasha redio, huku akitazama mistari kwenye skrini. Mistari haikukaribia dari hata kidogo. Kila jioni alifuta alichokinasa, sauti ya mama yake ikiwemo, ili asijaze nafasi ya bure kwenye kompyuta, na siku zilizokuja baadaye hakuna kitu alichokijutia kama hicho, tukiacha kile kikubwa.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa. Henda alipika kuskusi ya samaki, wakala, vyombo vikaondolewa. Lasaad akamvalisha Nesrin kifaa, akamsimamisha mbele ya bibi yake, uso kwa uso, maana ndivyo kifaa kilivyotaka. Bi Mbarka alikuwa amevaa gauni lake la sikukuu. Alinyoosha mikono akayashika mashavu ya mtoto, akalainisha koo.

"Nesrin," akasema, polepole. "Nesrin wa bibi."

Mtoto alitoa macho. Akatazama mdomo wa bibi, akamtazama baba yake, akarudi kwenye mdomo. Kisha akasema, kwa ile sauti yake nzito ya mtu asiyejisikia anavyoongea, "Bibi."

Sasa, wanawake wa kule wanafanya nini habari njema ikiingia nyumbani? Mtoto akifaulu mtihani, mgonjwa akirudi, posa ikikubaliwa, hawasemi hongera wakanyamaza. Wanapiga vigelegele. Na Bi Mbarka ujana wake hakuwa mpigaji wa kawaida. Harusi za mtaa mzima zilimtuma mtu kumfuata. Alikiacha kigelegele siku alipomzika mumewe, na kwa jinsi alivyodhoofika hakuna aliyedhani bado anacho kifuani. Hata yeye mwenyewe hakudhani. Kilimtoka tu. Kilitoka kirefu, kikali, kizima, furaha ya miaka yote ile, usoni pa mtoto, karibu kiasi cha kiganja kimoja.

Namba zilipita dari, zikapinduka.

Nesrin alipiga yowe ambalo Lasaad hajalisahau mpaka leo. Akajing'oa kifaa, akakirusha, akamsukuma bibi yake kwa mikono yote miwili akakimbilia uvunguni mwa kitanda cha wazazi. Henda akamfuata. Lasaad akabaki amesimama katikati ya chumba. Na Bi Mbarka, ambaye haoni, aliyesikia yowe tu na kuhisi mtoto anampiga kifuani, alibaki amenyoosha mikono anapapasa hewa.

"Nimemfanya nini?" akauliza. "Lasaad. Nimemfanya nini mtoto?"

Hakumfanya kitu. Lasaad alilijua kosa kabla hajaiwasha kompyuta. Kulirekebisha kulikuwa ni kubadilisha jina la kijumlishi katika mstari mmoja, akiita kile chenye dari badala ya kile chepesi, kazi isiyofika hata muda wa kunywa chai. Jumatatu Shedli akavaa kifaa sikioni mwake mwenyewe na kusema haya, nipigieni kigelegele. Lasaad akajaribu, ikatoka sauti ya mbuzi. Ikabidi waite wanawake waliokuwa wakichambua zeituni pale kinuni, nao wakapanda ngazi wakicheka, wakampigia Shedli vigelegele sikioni kama bwana harusi. Shedli alikaa ametulia. Akasema imesikika butu kidogo, lakini haiumi. Wanawake wakauliza anaoa nani. Lasaad alicheka pamoja nao kisha akaenda chooni akalia.

Alikwenda chumbani kwa mama yake siku hiyo hiyo akamweleza yote, namba, dari, mpinduko, mstari. Alimwambia wazi kwamba ni yeye, ubahili wake, wala si koo lake. Bi Mbarka alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema, "wewe una uongo mtamu tangu mdogo. Baba yako alipokata roho uliniambia amelala. Macho yangu yalipokwenda uliniambia yatarudi baada ya upasuaji. Sikulaumu, ni moyo wako. Lakini namba haziumi watu. Mtoto aliisikia sauti yangu ikamwumiza, akanisukuma. Nilihisi."

"Mama, naapa."

"Hata habari ya macho uliapa."

Yalikuwa kweli. Mwenye kusema uongo wa huruma huwa hadhani kwamba siku moja atauhitaji ukweli na asikopeshwe. Lasaad akaweka mkono kwenye msahafu uliokuwa kando ya kitanda, akaapa kwamba kuanzia saa ile hatamwambia mama yake neno lisilo la kweli, liwe tamu au chungu, mpaka mmoja wao afe, ili aje amwamini. Bi Mbarka akampapasa kichwa, akasema vizuri, tutaona.

Akanyamaza. Nataka hili lieleweke: hakununa, alinyamaza. Aliongea na majirani, aliongea na Henda, lakini akisikia kandambili za Nesrin zinakuja koridoni alifunga mdomo kabisa, katikati ya sentensi. Alikuwa akimlinda mtoto na koo lake. Nesrin kwanza hakumkaribia. Alisimama mlangoni, akatazama, akaondoka. Kifaa alikitupa ndani ya droo, na baba yake akikitoa alitikisa kichwa na kuziba masikio.

Baadaye alirudi mapajani, maana mtoto ni mtoto. Akaweka kiganja kooni mwa bibi kama zamani, akasubiri. Koo halikutikisika. Akabonyeza kidogo. Akamtazama baba yake aliyekuwa amekaa na chai, akauliza kwa mikono kama bibi amekasirika. Lasaad akamwambia hapana. Akamwambia mama yake, mwimbie tu, hajavaa, hasikii kitu. Bi Mbarka akatikisa kichwa. Nani amhakikishie, wakati ahadi ya mwanawe ilikuwa bado mbichi vile? Kwa hiyo hata kile kidogo walichokuwa nacho kabla ya mashine kikaondoka, na aliyekiondoa alikuwa amekaa pale anakunywa chai. Aliwaza hivyo hivyo, kwa maneno hayo.

Majira yakageuka, milozi ikachanua, na Bi Mbarka akazidiwa. Hospitali ikamrudisha nyumbani kwa lugha ya upole ambayo kila mtu aliielewa. Lasaad hakuivunja ahadi. Mama akiuliza kama dawa inasaidia, alijibu haisaidii. Akiuliza kama amekonda, alijibu amekonda sana. Henda alimwambia, baba Nesrin, huo sasa ni ukatili. Lakini Lasaad aliona kwamba mama anaanza kumsikiliza kwa namna nyingine, kichwa kimeinama kidogo, kama mtu anayeonja mchuzi na kuanza kuukubali.

Asubuhi moja Nesrin alisimama mlangoni mwa chumba cha bibi yake. Hakuna aliyemwambia kitu. Alikuwa amefungua droo mwenyewe, amekivaa kifaa mwenyewe. Akamwambia baba yake kwa ishara: mwambie bibi aniite. Sitakimbia.

Bi Mbarka alisikia kandambili. Akageuza uso kwa Lasaad, akauliza kwa pumzi tu, chini kabisa, "Amevaa?"

Hapo ndipo pangekuwa mahali pa ule uongo mtamu. Neno moja tu, hajavaa, na mama angeongea, na mtoto angesikia, na kifaa kilikuwa kizima. Lasaad aliliona jibu hilo waziwazi, lilikuwa mdomoni. Lakini alikuwa ameapa, na mama alikuwa ameanza kumwamini, na alifikiri kwamba mtu anayekuamini utamwambia ni salama naye atakubali.

"Amevaa, mama," akasema. "Na ni salama. Niamini."

Aliamini nusu ya kwanza. Bi Mbarka akafunga mdomo, akaubana mpaka midomo ikapauka, akamnyooshea mtoto mkono.

Nesrin alipanda kitandani. Akasogeza uso karibu na uso wa bibi, pale pale alipokuwa siku ile, akafumba macho, akasubiri. Alisubiri sana. Lasaad alimsihi mama yake kwa kunong'ona, akamsihi tena, na machozi yalikuwa yakimtoka bibi pembeni mwa macho bila midomo kuachia. Mwishowe mtoto alikivua kifaa, akakikagua, akampa baba yake. Kimeharibika tena, akasema kwa mikono. Kitengeneze.

Lasaad akakiweka sikioni mwake akiinamia kitanda. Kilikuwa kizima. Alisikia pumzi za mama yake, karibu, maradufu, kama alivyokikusudia.

"Amevua?" mama akauliza. Alikuwa amesikia mlio mdogo wa kufungua.

"Amevua, mama. Kiko kwangu."

Na safari hii aliamini yote. Midomo ikaachia. Nesrin, ambaye mikono yake sasa ilikuwa mitupu, alikuwa amekirudisha kiganja chake kooni mwa bibi kwa mazoea, na Bi Mbarka akaanza kumwita. Alimwita jina lake, akalirudia, Nesrin wa bibi, Nesrin macho yangu, akamwambia amsamehe kwa siku ile, akamwambia atunze meno yake, akamsimulia kuku wa jirani, yote aliyoyazuia tangu Ijumaa ile. Sauti ilikuwa nyembamba, lakini kifaa kiliikusanya vizuri, hakuna neno lililopotea. Yote yaliingia sikioni mwa Lasaad. Hakuthubutu kukivua ampe mtoto, maana mama angesikia na kunyamaza. Hakuthubutu hata kujongea.

Nesrin alihisi koo linatikisika. Uso wote ukachanua. "Bibi," akasema kwa sauti, akaitika. Kisha akamgeukia baba yake, na kwa mkono mmoja, ule usio kooni, akauliza anasema nini.

Lasaad akamtafsiria. Bi Mbarka aliongea mpaka akachoka, akalala, na Jumapili wakamzika. Kifaa Nesrin anakivaa mpaka leo. Anasikia walimu, pikipiki, mama yake akimgombeza. Akiulizwa bibi yake alikuwa na sauti gani, anasema ilikuwa ikiuma, na Lasaad kila mara anamwambia hapana mwanangu, ile ilikuwa hesabu yangu, na mtoto anamwitikia kwa kichwa kwa adabu, kama mtu anayeambiwa uongo wa huruma.